Picha zangu zinapata mioyo mingi, lakini nani ataniambia ukweli?

Msusi wa Katuba

Jambo kwenu wote.

Ninaishi Lubumbashi, komine ya Katuba. Kazi yangu ni kusuka nywele katika saluni ya shangazi yangu, na nafasi ikipatikana napiga picha. Kamera yangu ni Canon 600D, si mpya, pamoja na lenzi yake ya 18-55. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahamia Kolwezi, nikamlipa kidogo kidogo mpaka deni likaisha. Kompyuta sina. Natoa picha kwenye kadi, naziingiza kwenye simu, nazirekebisha humohumo.

Nikiweka picha Facebook au kwenye statasi ya WhatsApp, mioyo inamiminika. "Magnifique!" "Courage, dada!" "Wewe ni fundi!" Ndugu, majirani, wateja wa saluni, wote wananisifu, na ninawashukuru kutoka moyoni. Lakini sijui wanapenda picha au wananipenda mimi. Niliweka picha ya binamu yangu ambayo hata mimi naona uso umezama gizani, ikapata sifa zilezile za picha niliyoihangaikia asubuhi nzima. Sasa hapo nitajifunza nini?

Nikamtafuta mpiga picha mmoja wa harusi kule mjini. Alipitisha kidole kwenye simu yangu haraka haraka, akasema "iko bien, endelea tu," akanirudishia simu. Mwingine aliniambia ninunue kwanza kamera ya maana, ndipo tuongee. Niliumia, kwa sababu sikumuuliza habari ya kamera.

Naweka picha tatu hapa ili mnijue. Ya kwanza ni bomba la moshi la Gécamines, ile kampuni ya madini, na ule mlima mweusi wa masalia ya shaba, jua likizama. Hii ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Ya pili ni baba anayesukuma baiskeli ya makala kwenye barabara ya Kasenga, asubuhi ya Julai, vumbi na baridi. Ya tatu ni vidole vya shangazi akisuka. Hii karibu nisiiweke, maana ni mambo ya nyumbani tu.

Maswali yangu ni mawili. Nitapata wapi watu wenye jicho, watakaoniambia hapa umekosea na hapa umepata? Na mtu kama mimi, bila jina, bila shule ya picha, na mega za intaneti za kuhesabu, atafanyaje ili kazi yake ionekane na watu wasiomjua? Sitafuti umaarufu. Nataka picha zangu ziende mahali ambapo mimi siwezi kufika.

Kijana wa Kasapa

Dada, karibu sana. Mimi ni mwanafunzi hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na swali lako la kwanza nimelihangaikia sana.

Facebook na Instagram zimetengenezwa ili mtu abonyeze moyo na kupita. Hakuna atakayesimama kukuandikia mistari kumi. Nenda mahali ambapo watu wamekuja kwa ajili ya kuchambua. Flickr ipo tangu 2004, ina vikundi vya kila aina ya picha, na akaunti ya bure inakuruhusu kuweka hadi picha 1,000. Kwa mtu anayechagua vizuri hizo ni nyingi mno. Reddit kuna kundi linaloitwa photocritique. Pale huwezi kutupa picha na kukimbia: sheria yao inamtaka mwenye picha aeleze alikuwa anataka kufanya nini. Mimi hilo tu lilinisaidia, kwa sababu mara nyingi nilipokaa kuandika nilichotaka, niliona sikuwa nimetaka kitu. Wanaandika Kiingereza, lakini programu ya kutafsiri ya kwenye simu inatosha. Andika sentensi fupi.

Kanuni moja ya adabu: kabla ya kuomba maoni, toa maoni kwa picha za wenzako. Watu wanarudisha. Na ukieleza kwa nini picha ya mtu mwingine haisimami, unaanza kuyaona makosa hayohayo kwenye zako.

Kuhusu mega: usipakie faili kubwa bure. Instagram inapunguza picha iwe na upana wa pikseli 1080, Facebook inaonyesha mpaka 2048. Zipunguze mwenyewe kwanza, utaokoa mega na picha haitaharibiwa na mashine yao. Programu ya Lightroom ya simu ina sehemu ya bure inayofanya hivyo, na Snapseed ni ya bure kabisa.

Na weka jina lako kubwa katikati ya picha, maana hapa mjini watu wanaiba.

Papa Studio, Kamalondo

Mwanangu, nimefungua picha zako kwenye simu, halafu nikamwomba mjukuu wangu anifungulie kwenye kompyuta, kwa sababu kioo cha simu kinaficha mengi. Nimefanya kazi ya picha tangu wakati wa filamu. Nimepiga pasipoti, komunyo, ndoa, matanga. Uliomba ukweli, nitakupa, na nitakupa kwa heshima yote.

Ya bomba sitakaa nayo. Kila anayeshika kamera Lubumbashi anapita pale, na si vibaya kupita. Lakini rangi ya chungwa umeikoleza mpaka anga limekatika vipandevipande kama ngazi. Ukiondoa rangi, picha haisemi chochote ambacho mtu wa hapa hakijui. Linganisha na alichofanya Sammy Baloji, mtoto wa hapahapa aliyezaliwa 1978. Mwaka 2006 alikwenda kwenye magofu yaleyale ya Gécamines, akayaunganisha na picha za zamani za wafanyakazi zilizokuwa zimelala kwenye hifadhi za kumbukumbu. Unaona mashine zilizokufa, na mbele yake watu waliosimama pale miaka mingi iliyopita wakikutazama. Hakwenda kutafuta machweo, alikwenda na swali. Mwaka uliofuata alitunukiwa Bamako, kwenye maonyesho makubwa ya picha ya Afrika. Bomba ni lilelile unalolipiga wewe.

Ya makala ina uhai. Magunia yamefungwa vizuri kwa kamba ya mpira, vumbi linashika mwanga, mabega ya yule baba yanaeleza uzito wote. Lakini angalia nguzo ya umeme: inatoka kichwani kwake kama pembe. Ungesogea hatua mbili kushoto ingeondoka. Gurudumu la mbele umelikata, na baiskeli bila gurudumu la mbele haiendi popote. Ungechuchumaa, magunia yangepanda angani na ungeuona mzigo kama anavyouona mwenyewe. Mguu umetikisika kwa sababu kasi yako ilikuwa ndogo. Kwa mtu anayetembea usishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Na jambo la mwisho, ambalo mashine haiwezi kulirekebisha: macho yake yanakuuliza wewe ni nani. Hukumsalimia. Inaonekana. Siku nyingine mpe salamu, tembea naye kidogo, mwulize ametoka wapi na mzigo huo. Hata akikukatalia picha, utakuwa umejua kitu ambacho picha inayofuata itakihitaji.

Sasa nije kwenye ile uliyotaka kuificha.

Mwanga unaingia mlangoni upande wa kushoto, unagusa vifundo vya vidole na kuacha viganja gizani. Shangazi yako ameshika ncha ya meshi, zile nywele za bandia, kwa midomo, kama wasusi wote wafanyavyo, na meshi imekazwa kutoka mdomoni hadi kidoleni, mstari mmoja mweusi unaopita katikati ya picha. Kucha ya kidole gumba imekatika. Mstari wa ngozi kati ya nywele unang'aa mafuta. Na sikio la mteja limekunjwa chini ya kifundo cha mkono, yule mama amevumilia, hasemi kitu. Niliitazama sana. Nilimkumbuka marehemu mke wangu jinsi alivyokuwa akirudi kutoka kusukwa, hawezi kulala upande mmoja usiku kucha.

Mpiga picha kutoka mjini hawezi kuipiga picha hii, hata akiwa na kamera ya bei ya gari. Shangazi yako asingemruhusu kusimama pale uliposimama wewe, na kama angemruhusu, yule mama angekaa vizuri na kuachia sikio. Wewe ulikuwa na haki ya kuwa pale. Hicho ndicho ulicho nacho ambacho wengine hawana, na ndicho ulichokiita mambo ya nyumbani tu.

Makosa yapo. Ukali wa picha umeangukia sikioni badala ya kidoleni. Chagua mwenyewe kwenye kamera kile kidoti cha kati, kiweke kwenye kucha, usiiachie mashine ichague. Kalenda nyekundu ya ukutani inaiba macho, na picha ikiwa na kitu kimoja chekundu jicho litakwenda hapo hata ukilikataza. Lenzi yako ukiivuta hadi 55 haifungui tundu la mwanga zaidi ya f/5.6, kwa hiyo ndani ya nyumba panda ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 1600 bila woga. Chengachenga watu wanazisamehe, mtikisiko hapana. Au rudisha lenzi nyuma kidogo na usogee wewe mwenyewe kwa miguu.

Umeuliza watu wenye jicho wako wapi. Kijana wa Kasapa amekueleza ya mtandaoni, na ni kweli. Ila mimi nakwambia tatizo liko pia kwenye namna ya kuuliza. Ukimwonyesha Mkongomani anayekuheshimu picha na kumwuliza "unaonaje?", atasema nzuri. Tumelelewa hivyo, hatumvunji mtu moyo usoni. Mwulize swali lisilo na sifa ndani yake. "Jicho lako limeanzia wapi?" "Ungetoa nini humu?" "Unadhani huyu mtu anafanya nini?" Halafu nyamaza. Usianze kuieleza picha, maana ukiieleza atakujibu kuhusu maelezo yako. Mtu akikwambia jicho lilianzia kwenye kalenda, ameshakupa somo zima bila kujua, na hajakutukana.

Lipo jingine ambalo halihitaji mega hata moja. Chagua picha, zipeleke labo ya picha, wakusafishie, yaani wakuchapishie, ndogo za sentimita 10 kwa 15. Zitandaze kwenye meza ya saluni bila kusema neno. Mteja anakaa saa tatu, nne, hana pa kwenda, lazima atazishika. Wewe endelea kusuka, ukitazama mikono yao. Ipi inachukuliwa kwanza? Ipi inarudiwa? Ipi inapita kati ya vidole bila kusimama? Ipi inaitiwa mwenzake, "njoo uone hii"? Wale mama hawajasomea picha, lakini mikono yao haijui kukusifu kwa adabu. Mimi nilijifunza hivyo kwenye kaunta ya studio, nikitazama wateja wakichambua bahasha zao, na mpaka leo sijapata mwalimu bora.

Na toka nje ya simu. Pita kituo cha sanaa cha Picha, hao ndio walioanzisha Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, mwaka 2008. Nenda Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, wakiwa na maonyesho. Simama mbele ya picha moja mpaka uchoke, halafu baki tena. Msanii akiwepo, msalimie. Wengi wao walianza bila mtu wa kuwaonyesha njia na wanalikumbuka hilo.

Usiweke kitu chochote mtandaoni mpaka upate picha kumi na tano za saluni zinazosimama pamoja. Hilo ndilo shauri langu.

Dada wa Himbi, Goma

Papa, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili, na ile ya kutandaza picha mezani naichukua. Ila kwenye lile la mwisho sikubaliani nawe. Mdogo wangu, usingoje picha kumi na tano. Weka moja leo. Mhariri wa kwanza aliyenipa kazi aliniona kwa picha moja tu ya akina mama wakipanga sambaza, wale samaki wadogo, asubuhi kando ya ziwa. Na hakuniandikia kwa uzuri wa picha. Aliniandikia kwa sababu chini yake nilikuwa nimeandika vizuri, akajua kuwa niko mahali, najua ninachokiona, na anaweza kuniamini.

Nitakaa hapo kidogo, maana wanaoanza wengi wanaliruka. Chini ya picha usiweke "Beauté africaine" na mioyo mitatu. Andika nani, anafanya nini, wapi, lini, na jambo moja ambalo jicho haliwezi kuliona. Kwa mfano: "Katuba, Lubumbashi, Julai. Msusi anaanza mistari ya kwanza kichwani kwa mteja anayejiandaa kwa ndoa ya dada yake. Kazi itaisha jioni." Mtu akitafuta Lubumbashi, atakupata. Akitafuta saluni, atakupata. Andika Kiswahili, kisha Kifaransa chini yake, na Kiingereza ukiweza. Picha bila maneno mtandaoni haina anwani, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kuhusu kuonekana, nikueleze jinsi mambo yalivyobadilika kwetu huku mashariki. Mwaka 2020 mpiga picha wa habari Finbarr O'Reilly alikuwa amepewa tuzo ya Carmignac, ya picha za habari, ili afanye kazi ya picha kuhusu Kongo. Corona ikafunga safari. Kazi ikageuzwa, ikawa ya pamoja na wapiga picha Wakongomani waliokuwa tayari mahali, kama Arlette Bashizi, Moses Sawasawa na Raissa Karama Rwizibuka, na ikawa inachapishwa mtandaoni kadiri inavyofika. Wakati watu wa mbali waliposhindwa kuja, waliokuwa nyumbani ndio walioitwa. Waliitwa kwa sababu kazi yao ilikuwa inapatikana. Mwaka huohuo Pamela Tulizo wa hapa Goma alishinda tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana, kwa picha za wanawake wa mji huu na jinsi wanavyojiona wenyewe tofauti na dunia inavyowaona. Sikuambii upige kama wao. Nakuambia milango ipo, na inafunguka kwa mtu ambaye kazi yake inaonekana ikiwa na jina na mahali.

Itazame pia Everyday Africa kwenye Instagram. Walianza 2012 kwa picha za simu, maisha ya kila siku tu: watu wanakula, wanasubiri gari, wanacheka. Vidole vya shangazi yako vina nafasi kwenye mazungumzo ya namna hiyo kuliko bomba lolote.

Kaka wa Kasapa, jina kubwa katikati ya picha, hapana. Mhariri akiliona anapita, na mwizi ana programu ya kulifuta. Weka dogo pembeni, au tunza faili kubwa nyumbani na upakie ndogo tu. Ukitaka kujua kama picha yako imechukuliwa, itafute kwa picha kwenye Google au TinEye, utaona imewekwa wapi.

Na mashindano: yapo mengi yanayoomba dola za kuingilia na kumpa kila mtu cheti. World Press Photo, yenye jina kubwa kuliko hayo yote, haitozi kuingia, ingawa ile ni ya wanaoishi kwa kazi hii. Jiulize basi kwa nini haya madogo yanataka pesa yako. Soma masharti mpaka mwisho. Ukiona wanasema picha zote zitakazotumwa wanaweza kuzitumia watakavyo, hata usiposhinda, funga ukurasa.

La mwisho ni la usalama. WhatsApp inabana picha ikitumwa kawaida, kwa hiyo wahariri watakuomba uitume kama hati. Ikienda kama hati inaenda na kila kitu kilichoandikwa ndani yake. Kamera yako haina GPS, lakini simu inayo, na picha ya simu inaweza kubeba mahali hasa ilipopigwa, yaani nyumba ya mtu. Zima alama ya mahali kwenye kamera ya simu. Huku kwetu hilo si jambo la kufikiria mara mbili.

Msusi wa Katuba

Papa, yaya, kaka, aksanti sana. Papa, nimeisoma sehemu ya sikio nikiwa kazini, nikamsomea shangazi. Amenyamaza, halafu akaomba aione picha tena. Kwanza alikuwa hajali.

Kamera nimeiweka kidoti cha kati kama ulivyosema, na leo nimejaribu. Ni kweli, mashine ilikuwa inanichagulia.

Sasa kuna jambo linanisumbua. Mama mmoja ameniambia hataki kuonekana akiwa nusu kichwa kimesukwa na nusu kimefumuka, kwamba mumewe akiona itakuwa maneno. Mwingine amecheka akasema nipige tu. Na shangazi naye ameuliza: hizo picha zikienda Ulaya, saluni inapata nini? Sikuwa na jibu la kumpa.

Dada wa Himbi, Goma

Yule mama aliyekataa amekataa, mdogo wangu, hata kama ingekuwa picha ya maisha yako. Na aliyecheka usimchukulie kuwa amekubali. Mwonyeshe picha yenyewe kwenye kioo cha kamera, mwambie utaiweka wapi, akubali akiwa ameiona.

Kwa shangazi, swali lake ni la haki kabisa. Mtu akitaka kuitumia picha, kuna bei. "Tutaweka jina lako" hainunui unga. Mwulize atatumia wapi, kwa muda gani, ukubwa gani, kisha mtaje kiasi. Ukiogopa kutaja, mwambie yeye aseme kwanza bajeti yake, ndipo muanze kupatana. Na mkubaliane na shangazi kabla pesa haijafika, si baada ya kufika.

Papa Studio, Kamalondo

Binti wa Himbi amesema vizuri, na kuhusu kungoja namwachia. Yeye yuko kwenye kazi ya leo, mimi nilikuwa kwenye ya jana. Weka moja, mwanangu, na maneno yake chini.

Kwa yule mama asiyetaka uso, jua kwamba picha bora uliyo nayo haina uso. Ina mikono, sikio, na meshi. Una nafasi kubwa ya kufanya kazi bila kumtia mtu aibu. Piga mikono. Piga shingo. Piga sakafu wakati wa kufagia, nywele zimejaa chini. Piga mlango wenyewe, nani anaingia akiwa amefunga kitambaa na nani anatoka akijitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa. Kila mtu uliyempiga umsafishie yake moja ya bure. Ni gharama, najua, lakini mteja mwenye picha yako ukutani kwake ni mtu ambaye jirani yake atauliza "nani alikupiga hii?" Hapa mjini kazi imekuwa ikitembea hivyo kabla ya simu, na bado inatembea.

Angalia pia mwanga wa mlango huo kabla ya mvua za Novemba. Sasa hivi jua la kiangazi linagonga ardhi nyekundu ya nje na kurudisha ndani mwanga wa joto, ndiyo maana ngozi ya shangazi imependeza bila wewe kuongeza kitu. Mawingu yakija, mwanga utakuwa wa kijivu na laini, na saluni itakuwa picha nyingine kabisa. Piga misimu yote miwili kutoka mahali palepale, uone ipi ni yako.

Ukishapata za kutosha, njoo nazo Kamalondo zikiwa zimesafishwa, si kwenye simu. Tutazipanga sakafuni kwangu na kuzipunguza pamoja. Uje na shangazi akipenda, yeye anaijua kazi hiyo ya kusuka kuliko sisi wawili na ataona vidole vinavyodanganya. Na labo wakikuuliza karatasi, omba isiyong'aa. Ile inayong'aa inashika alama za vidole, na mezani kwenu kila mtu ana mafuta ya nywele mikononi.